Naomba ushauri: MCAT nifanye Mei au nisubiri Agosti?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nasoma shahada ya baiolojia hapa Minnesota, na nia yangu ni udaktari. Huku Marekani huingii udaktari moja kwa moja kutoka sekondari kama nyumbani; kwanza shahada, na kuna mtihani wa kuingilia chuo cha udaktari, MCAT, alama 472 hadi 528.

Muhula huu nasoma biokemia. Katika karatasi mbili za sayansi za MCAT, biokemia ya muhula wa kwanza inabeba takriban robo ya maswali ya kila moja. Kwa hiyo kila mada, iwe vimeng'enya au asidi za amino, naisoma mara mbili: kwanza kwa ajili ya profesa, kisha kwa maswali ya MCAT, yale yanayokuja na aya ndefu na grafu. Inanisaidia sana kuliko kukariri.

Shida ni fizikia. Niliimaliza mwaka wa kwanza, tena tulitumia kikokotoo, na MCAT hairuhusu.

Mliopita njia hii, nifanye Mei biokemia ikiwa bado mbichi kichwani, au nisubiri Agosti nipate likizo nzima ya kurudia fizikia? Somo la saikolojia la MCAT je, ni lazima nilichukue darasani au kitabu kinatosha? Na ile karatasi ya ufahamu, CARS, isiyodai sayansi yoyote, ninyi mliokulia kwenye Kiswahili mliifanyiaje mazoezi? Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.