Mama hataki kuhama kwake Tanga, nifanyeje?

BintiTanga: Wadau, mama ana miaka 74, presha anayo, anaishi peke yake na kuja Dar hataki kabisa, eti kuku wake atamwachia nani. Juzi kateleza bafuni usiku. Nimsaidieje abaki kwake salama?

Mjukuu_wa_Bibi: Pole dada. Msimhamishe jamani, mzee ukimng'oa kwake ananyong'onyea. Anzeni na bafu, fundi aweke bomba la kushikia ukutani, taa iwake usiku kucha na kandambili zilizolika soli tupeni.

NesiMstaafu: Mwanangu, dawa za presha zinaweza kuleta kizunguzungu akiinuka ghafla, akae kwanza kitandani kidogo ndo asimame. Macho nayo apimwe, mtoto wa jicho anaangusha wazee wengi.

BintiTanga: Hiyo ya kuinuka ghafla ndo yenyewe, alikuwa anawahi choo! Fundi namtafuta leo leo.