Naomba ushauri: mabomu dhidi ya viwanda vya nyambizi vya Ujerumani, 1943

Wakuu, habari za jioni. Naandika tasnifu kuhusu Vita Kuu ya Pili na nimekwama sura ya tatu. Kwenye mkutano wa Casablanca, Januari 1943, Waingereza na Wamarekani waliviweka viwanda vya kuunda nyambizi juu kabisa ya orodha ya shabaha. Tarehe 27 mwezi huohuo Wamarekani wakaipiga Wilhelmshaven, na Machi 18 ikawa zamu ya Vegesack. Lakini nyambizi ziliendelea kutoka! Mahandaki ya zege ya kuhifadhia nyambizi katika bandari za Ufaransa za Lorient na Saint-Nazaire, zilizokuwa mikononi mwa Wajerumani, hayakutoboka. Miji yenyewe ndiyo iliyoteketea, jambo linaloniuma kila nikilisoma.

Baadaye Wajerumani wakaunda nyambizi za muundo mpya, Aina ya XXI, kwa vipande, wakivisafirisha kwa mifereji hadi Hamburg, Bremen na Danzig kuunganishwa. Mifereji ilipopigwa mwaka 1944, kazi ikazorota.

Msimamizi wangu anataka nichague: wapangaji walikosea shabaha au wakati? Mimi naegemea shabaha. Aliyewahi kufanya utafiti wa namna hii, nianze na takwimu za uzalishaji au kumbukumbu za wapangaji wenyewe? Sura natakiwa kuiwasilisha wiki ijayo.