Kikundi cha familia: Neema na herufi sita

Mama Neema: Jamani habari za jioni. Baba shikamoo. Nawaomba msaada wenu hapa Kizota. Neema kapewa kazi ya Kiingereza, herufi N, I, T, S, E, L, atafute maneno yasiyopungua 20. Tangu tumalize kula ana saba tu na machozi yanamlengalenga.

Babu: Marahaba mwanangu. Mbukwenyi wote. Amepata yapi?

Mama Neema: SIT, SET, TEN, NET, LIE, TIE, LET.

Shangazi Joyce: Wifi, mbona yapo mengi! ELECTIONS inazo zote sita. POLITENESS pia. Na ile RESILIENT tuliyoambiwa kwenye semina.

Baba Mdogo Yohana: Dada, umeweka C na O. Hizo hakupewa.

Shangazi Joyce: Si amesema maneno yenye herufi hizo? ELECTIONS inazo.

Babu: Hapo ndipo watoto wengi wanapopoteza alama. Neno lenye herufi hizi ni jambo moja, neno linaloundwa kwa herufi hizi tu ni jambo jingine. Mama Neema, swali lenyewe limeandikwaje?

Mama Neema: Ngoja nimpe simu asome mwenyewe.

Mama Neema: Shikamoo babu, ni mimi Neema. Limeandikwa tutumie herufi hizi tu na kila moja mara moja kwenye neno. Niliandika TILT mama akasema nifute.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Mama yuko sahihi, TILT ina T mbili na wewe una moja. Joyce, maneno yako ni mazuri ila ni ya swali lingine.

Shangazi Joyce: Nimeelewa baba. Nilikimbilia kujibu.

Mama Neema: Shemeji Yohana, nasikia kuna tovuti unaweka herufi inakutolea maneno yote. Si tuitumie tu alale? Kesho anaamka saa 11.

Baba Mdogo Yohana: Ipo shemeji, na nimeshaziweka hapa, orodha ninayo. Lakini naomba nisiitume. Kuna maneno humo hata mimi siyajui, mwalimu akimsimamisha amuulize maana atasema nini?

Babu: Usiitume. Neema, kata karatasi vipande sita, kila kimoja herufi yake. Uvisogeze kwa mkono. Nimefundisha Kiingereza miaka 31 na sijaona njia bora kuliko hiyo.

Mama Neema: Anakata. Ni mimi mama mtu sasa.

Babu: Wakati anakata niseme kitu. Tazameni maneno yake saba. Yote ya herufi tatu, na konsonanti zake zimekaa moja moja kama za Kiswahili, hakuna mbili zilizofuatana. Sisi maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo sikio la mtoto halitafuti konsonanti mbili mkiani. Kiingereza kinapenda kufunga neno. NEEMA, CHUKUA S NA T UZIBANDIKE MWISHO. Halafu N na T. Halafu L na T.

Mama Neema: NEST. LIST. Babu na LENT na SENT!!! 

Babu: Endelea. Bado L na T.

Mama Neema: SILT? Ni neno kweli?

Shangazi Joyce: Ni neno mama. Ni ule udongo laini unaoachwa na maji. Mvua zikinyesha huku Kongwa korongo likijaa halafu maji yakapungua, ukikanyaga mguu unazama, ndio huo. Bwawa likijaa huo halitunzi maji tena.

Mama Neema: Nimeandika na maana. 12.

Babu: Vizuri Joyce. Sasa jambo la pili. Kwetu wingi unakaa mbele: kitabu, vitabu. Kwao unakaa nyuma, na wewe una S. Peleka S mwisho.

Mama Neema: NETS, TIES, LIES. LETS inafaa?

Baba Mdogo Yohana: Inafaa, hapo S ni ya kitenzi: anaruhusu.

Mama Neema: 16!

Baba Mdogo Yohana: Baba, ndiyo sababu kwenye Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, wameweka S nne tu kati ya vipande 100. Zingekuwa nyingi kila mtu angebandika mkia. E zipo 12. Q na Z moja moja na kila moja ina pointi 10.

Babu: Aliyeubuni mchezo huo alikuwa msanifu majengo wa Marekani, Alfred Butts, hana kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Akakaa anahesabu herufi kwenye magazeti aone ipi inajitokeza zaidi. E ikaongoza. Neema, E unayo, tena iweke mwisho bila kuitamka.

Mama Neema: LINE. TILE. Na S, LINES, TILES. 20 babu!!! 

Shangazi Joyce: 👏🏾👏🏾👏🏾 Nilisikia vigelegele mpaka huku.

Baba Mdogo Yohana: Neema, sasa nikuonyeshe mashine inavyofanya. Chukua NEST, panga herufi zake kwa alfabeti.

Mama Neema: E N S T

Baba Mdogo Yohana: SENT je? Na NETS?

Mama Neema: ENST. ENST. Zote sawa!

Baba Mdogo Yohana: Basi programu imelifanyia hivyo kila neno la kamusi. Yenye mpangilio mmoja yanawekwa fungu moja, kama mafungu ya nyanya soko la Majengo. Ukileta herufi zako inazipanga, inakwenda kwenye fungu lake moja kwa moja. TENS nayo iko humo, hukuiandika.

Mama Neema: Namba 21. Ba'mdogo kuna linalotumia zote sita?

Baba Mdogo Yohana: Lipo zaidi ya moja. Sikwambii.

Mama Neema: Ni mama. Kainama kwenye mkeka, tochi mdomoni. Hataki kulala tena.

Mama Neema: SILENT!

Mama Neema: Babu LISTEN!!! Mwalimu huiandika ubaoni kila siku lakini nilikuwa naitafuta kwa kusikia, T haisikiki.

Babu: Hilo umelisema wewe na ni kweli kabisa. T ya LISTEN inaandikwa, haitamkwi. Sikio peke yake lisingekufikisha. Nimefurahi mno mjukuu wangu.

Mama Neema: 23. Asanteni sana jamani, baba Mungu akuweke.

Babu: Kabla hajalala nimpe zawadi, ya Kiswahili safari hii. A, I, L, M. Maneno matano, yote yanatumia herufi zote.

Mama Neema: LIMA. MALI. MILA. LAMI.

Shangazi Joyce: Hata mimi nimeishia hapo hapo.

Baba Mdogo Yohana: Kwa Kiingereza napata MAIL. Kiswahili la tano limenishinda.

Babu: Msiliangalie popote. Lala Neema.

*Kesho yake, saa 9:40 alasiri*

Mama Neema: Shikamoo babu ni Neema, nimetoka shule sasa hivi. Nimepata yote 23. Halafu mwalimu wa Kiswahili kaingia akasema toeni madaftari, leo tuna IMLA. Nimepiga kelele darasa zima likanigeukia.