Filamu ya Where the Wild Things Are kwa watoto wa miaka 5?

mzazi_tudor: Wadau, tunataka kuionyesha uwanjani kwa projekta. Kitabu wanakijua. Wataogopa?

mpenda_filamu: Ndiyo. Kitabu cha Maurice Sendak (1963), kuhusu mvulana anayekwenda kwa madude ya kutisha, kina sentensi chache mno. Filamu ya Spike Jonze (2009) ni dakika 101, zilizojazwa upweke na hasira. Dude mmoja anamng'oa mwenzake mkono! Nzuri sana, lakini wangoje wafike miaka 8.

binti_kisauni: Tena madude ni watu waliovaa mavazi, nyuso zikaongezwa kwa kompyuta. Yanaonekana hai kabisa.

fundi_picha: Wakiwa wakubwa, anzeni saa moja na nusu usiku. Magharibi mwanga bado unafifiza picha, na filamu yenyewe ina giza. Shuka ya kuonyeshea picha ifungwe pembe zote na chini pia. Upepo wa bahari huitunisha, picha ikapinda.