Redio ya Wamakonde: tuombe leseni, au tubaki na simu zetu?

Kinyago_Likoni

Hamjambo wenzangu. Nina swali, ila mnivumilie nianze mbali kidogo.

Mimi ni Mmakonde. Nimezaliwa Kwale, upande wa Msambweni, na sasa naendesha tuktuk hapa Likoni. Wazee wetu walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wengine wakaja na patasi zao kuchonga mpingo. Tukaishi bila vitambulisho mpaka baada ya Oktoba 2016, wazee walipofunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi. Ndipo tukaitwa kabila la 43 la Kenya. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 3,764. Tupakie sote kwenye feri, safari tatu tumeisha ng'ambo na nafasi ya mikokoteni inabaki.

Nina kikundi cha WhatsApp cha watu wa kwetu. Kila Jumapili jioni naweka kipindi cha dakika ishirini hivi. Narekodi kabla ya alfajiri, nimejifungia ndani ya kabati la nguo, maana kukishakucha ni honi ya feri na makanga tu. Nyota wa kipindi ni bibi yangu, yule bado ana chale zake usoni. Bibi haamini kwamba simu inasikia ikiwa mbali. Huishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto, midomo karibu iguse kioo. Mwanzo alikuwa anaminya ile alama ya kipaza sauti, akifika pa kucheka anaachia, sauti inajituma. Hadithi moja ya sungura niliipata vipande 14, na kipande cha 9 kilikuwa kikohozi peke yake. Nikamfundisha kusukuma kidole juu ijifunge. Sasa anasahau kuizima, tunapata kuku, jirani anayedai deni la mkaa, na adhana. Na wallahi watu wanapenda ule ugomvi wa mkaa kuliko sungura.

Sasa kilichonileta. Kuna kituo kimoja cha redio hapa mjini, sikitaji, kilitualika tuzungumze saa nzima. Tulikwenda watu watano, bibi amevaa leso mpya. Nilikuwa na karatasi yangu: kuna wenzetu waliosomeshwa kwa majina ya kuazima, ya majirani Wadigo, na sasa cheti cha shule kinasema hivi na kitambulisho kinasema vile. Mpingo nao haupatikani, na ukipatikana bei yake haishikiki. Mtangazaji akatuuliza, "Mmekuja na ngoma?" Hatukuja na ngoma. Basi akapiga sindimba kutoka kwenye kompyuta yake, ya wenzetu wa Tanzania, kisha akauliza habari za vinyago na kama ni kweli sisi ni wachawi. Bibi aliambulia kusema "asanteni". Karatasi yangu nilirudi nayo imekunjwa vilevile. Tangu siku hiyo wanatutafuta tu sikukuu zikikaribia.

Vijana wetu wanasema dawa ni kuomba leseni, tuwe na redio yetu. Mnaonaje? Na la pili ni lugha. Mimi Kimakonde nakisikia, ila kukisema natafuna. Wanangu hata kukisikia hawakisikii. Nikiweka Kimakonde kitupu vijana wanatoka kikundini, nikiweka Kiswahili bibi anauliza tofauti yetu na redio nyingine ni nini. Sina jibu la kumpa.

FundiMlingoti

Kaka, mimi nimekuwa fundi mitambo kwenye redio ya jamii miaka sita, kwa hiyo nitasema ya mitambo.

Leseni ya jamii hapewi mtu. Inapewa jumuiya iliyosajiliwa, isiyotafuta faida, na Mamlaka ya Mawasiliano itataka kujua nani wamo kwenye kamati na wanajamii wenyewe watashiriki vipi. Biashara mnaweza kutangaza, lakini iwe inayowahusu watu wa eneo lenu. Masafa nayo, hapa Mombasa pamejaa. Zungusha kitufe cha redio uone kama utapata upenyo.

Tuseme mmepata. Leseni ni mlango tu, gharama iko ndani ya nyumba. Mtambo wa kurushia unakula umeme usiku na mchana, muwe na wasikilizaji au msiwe nao. Kwetu radi ilipiga mlingoti mara mbili msimu mmoja. Mara ya pili nilikuta saketi zimeungua zinanuka kama samaki aliyesahauliwa jikoni, na tukakaa kimya wiki saba tukichangisha. Wiki saba! Msikilizaji hakungoji hivyo, alishazoea kwingine.

Halafu tazama watu wako walipo. Mlingoti wa Msambweni hautamfikia binamu yako aliyeko Kilifi. Ujumbe wa sauti unamfikia. Kwa kabila la watu mamilioni walioshikana pamoja, FM inaleta maana. Kwa watu 3,764 waliotawanyika, mimi fundi wa mitambo nakwambia usinunue mtambo.

Ukienda ofisi yoyote kuomba msaada, nenda na Katiba ya 2010, kifungu cha 7 na cha 56. Inasema serikali ikuze lugha za kiasili, na iweke mipango ya walio wachache waendeleze lugha na utamaduni wao. Itakusaidia kusikilizwa, ila bili ya umeme hailipi.

Msemakweli_Bamburi

Mimi nitasema wasichotaka kusema. Redio za makabila tulishaziona 2007 na 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi. Mtangazaji wa redio ya lugha ya mama alifikishwa mpaka The Hague, kesi ikakatizwa 2016. Kila mtu akijifungia na redio yake tutazungumza lini? Kiswahili kinatosha.

DadaKaloleni

Msemakweli, hebu kaka, Wamakonde 3,764 watamchochea nani dhidi ya nani? Hata kura za diwani haziwatoshi.

Kinyago, mimi nilitangaza kwa Kigiriama miaka minne, kwenye kituo cha Mijikenda, yale makabila tisa ya pwani. Niliingia na ndoto kama zako: hadithi, methali, mizimu ya Kaya, misitu yetu mitakatifu. Unajua watu walikuwa wanangoja nini? Matangazo ya vifo. Saa moja ya jioni, nani amefariki, mtoto wa nani, mbari gani, mazishi lini, gari linatoka wapi. Nikichelewa dakika tano simu zinawaka. Siku moja nilikosea jina la mbari ya marehemu, na wakwe walikuja mpaka mlangoni mwa kituo, wazee wawili na bakora zao, wakakataa kuketi mpaka nilipolisoma tena hewani kwa usahihi. Hapo ndipo nilipojua kwamba tunasikilizwa.

Ule ugomvi wa mkaa unaopendwa si bahati. Watu wanataka kusikiana. Utamaduni utaingia wenyewe kupitia mlango huo.

Kuhusu lugha, sahau usafi. Sisi tulikuwa tunaitwa redio ya Mijikenda, na Wachonyi walikuwa wanapiga simu kunisimanga kwamba ni redio ya Wagiriama iliyovaa nguo ya watu tisa. Walikuwa na haki. Vijana nao wakipiga wanasema Kiswahili, mimi nawajibu kwa Kigiriama, tunasikizana. Usiwasahihishe. Ukimsahihisha kijana hewani mara moja, hapigi tena, na wenzake waliokuwa wanasikiliza hawapigi kabisa.

BabuKuze

Kijana wangu Kinyago, nipe salamu kwa bibi yako.

Mji huu una historia ya hayo unayouliza. Mwaka 1902 A. M. Jeevanjee, tajiri wa Kihindi, alianzisha gazeti hapa hapa Mombasa, likiitwa African Standard. Miaka mitatu baadaye akaliuza, likahamia Nairobi mwaka 1910, na kwenye mikono ya wenye nalo wapya likawa sauti ya walowezi. Ndilo hili Standard la leo, limepita mikono mingi. Ninalosema ni kwamba chombo kikubwa kina thamani, na chenye thamani hupata mnunuzi.

Sasa mtazame Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Mwaka 1930 alianza na Sahifa, chapisho dogo tu, ndipo 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Baadaye akawa Kadhi Mkuu. Hakungoja mtambo mkubwa, alianza na alichokuwa nacho, na aliwaandikia watu anaowajua kwa majina yao. Wewe unalo kabati la nguo. Mimi naona ni chumba cha redio kamili.

Mpemba_Shimoni

Mimi nasoma hapa nacheka na kulia. Sisi Wapemba tumetambuliwa 2023 tu, na lugha yetu ni Kiswahili, basi hakuna anayeona kwamba tunahitaji chochote chetu. "Si mnasikia redio zote?" Tunasikia, lakini sisi hatusikiwi. Nikiongea Kipemba changu huku Shimoni watu wananiiga kunitania. Msemakweli, Kiswahili unachosema kinatosha ni Kiswahili cha nani?

Kinyago, nyongeza moja: Radio Moçambique wana matangazo ya mkoa kwa Kimakonde, kutoka Pemba. Pemba ya Msumbiji, mji, si kisiwa chetu, msinitumie salamu huko. Nakwambia kwa sababu kule Tanzania, Wamakonde waliko wengi, redio hazitangazi kwa lugha za makabila. Bibi yako akisikia taarifa ya habari kwa lugha yake huenda akabadilisha anavyosema, akaacha kumeza simu.

Kinyago_Likoni

Shikamoo Babu Kuze, salamu zimefika. Nawashukuru wote, hata Msemakweli.

Jana nilikwenda kwetu Msambweni, nikakaa na vijana na simu. Leseni tumeiweka kando. Fundi, ile harufu ya samaki ndiyo iliyowamaliza. Kipindi kitaanza na vifo na wagonjwa: bibi anasoma kwa Kimakonde, kisha mpwa wangu wa kidato cha pili anarudia kwa Kiswahili. Tumejaribu mara moja. Mpwa alitamka jina la marehemu vibaya, bibi akamkatiza katikati, akamfanya arudie mara tatu, na yote yamerekodiwa. Dada Kaloleni, najua ulisema tusisahihishe vijana, lakini huyu si kijana wa kupiga simu, huyu ni mtangazaji. Nimeiacha ndani. Saa ya pili tangu niitume, watu kumi na mmoja walikuwa wamejirekodi wakilitamka jina lile, wengine hawajawahi kusema neno kikundini tangu waingie.

Ile karatasi yangu ya majina ya kuazima nitaisoma wiki ijayo. Nimeshapata wanne walio tayari kusema kwa sauti zao, bila kutaja shule.

Limebaki swali moja, la bibi, si langu. Anauliza kama atalipwa kwa kila kifo anachosoma.

DadaKaloleni

Mlipe. Na leso nyingine juu yake.