Naomba ushauri: baba amejitenga na watu, nahofia kumbukumbu zake

Habari zenu wakuu. Baba yangu ana miaka 74. Tangu mama afariki amekuwa mtu wa chumbani na redio yake. Marafiki wakija anawasalimia, kisha anasingizia usingizi. Siku hizi anarudia swali lilelile, na majina yanamponyoka.

Nimesoma kuhusu ripoti ya jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2024. Inataja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia (hali ya kupungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) na yanayoweza kurekebishwa. Kujitenga na watu kumo, kutosikia vizuri nako kumo. Inaniingia akilini. Mazungumzo yanaulazimisha ubongo usikilize, ukumbuke, usome uso wa mwenzako na utunge jibu papo hapo. Redio haimuulizi mtu kitu.

Kinachonitatiza ni kipi kilianza. Anasahau kwa sababu amejitenga, au ameanza kusahau, anaona aibu, ndiyo maana anakwepa watu? Au ni masikio tu? Redio yake inasikika nyumba nzima, lakini ukimtajia kupimwa anakuwa mkali. Kwa daktari nitampeleka, hilo halina mjadala.

Mliowahi kuuguza wazee, mliwarudishaje kwa watu bila kuwafanya wajione watoto? Wageni wengi kwa pamoja naona wanamchosha, labda mmoja mmoja. Na je, kuongea na wajukuu kwa simu ya video kunasaidia kweli, au lazima waonane ana kwa ana?