Bima kubwa ni kubwa siku ya kulipia tu. Kioo cha mbele kimenivuruga

Wakuu, habari za muda huu.

Nina hasira, mtanivumilia. Nawauliza mnaofanya kazi kwenye kampuni za bima humu ndani: mnapomwambia mteja "kata bima kubwa ulale usingizi, inabeba kila kitu", kioo si sehemu ya gari?

Gari ni Subaru Forester, nimeikatia kwa thamani ya milioni 28. Asilimia 3.5 ni 980,000, weka VAT ya asilimia 18, nikatoa 1,156,400 kwa mkupuo. Nikapata ujumbe kwenye simu kwamba stika imeshaingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na PDF ya ukurasa mmoja. Mkataba wenyewe, ule wenye vipengele, nimeuona siku ya kudai.

Sasa natoka Morogoro, sijafika Chalinze, semi iliyokuwa mbele yangu ikarusha kokoto. Paa! Chini ya kioo cha mbele, upande wa abiria, pakabaki alama ndogo kuliko punje ya hindi. Nikaweka gari pembeni nikawapigia hapo hapo. Dada wa huduma kwa wateja, mpole kweli, akasema: "Kaka, usikiguse kioo, usimpe fundi yeyote, subiri mkadiriaji aje aone." Nikatii.

Wanaojua vioo wameshaelewa kinachofuata. Kioo cha mlangoni kikipigwa kinamwagika chote, vipande vidogo vidogo. Cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, kwa hiyo hakimwagiki, kinaweka ufa. Alama ikiwa bado changa, fundi anaingiza gundi maalumu, anaikausha kwa taa, unaondoka zako. Ukiiacha, jua la Dar nje na AC ndani, ufa unatembea. Wa kwangu ulitembea huku mkadiriaji leo "yuko Kibaha", kesho "ana kazi nyingi", keshokutwa simu haipokelewi. Ukapanda mpaka usawa wa zile kamera mbili za EyeSight, mfumo wa Subaru unaoangalia barabara na kufunga breki wenyewe, pale juu karibu na kioo cha ndani. Trafiki naye hana habari na mkadiriaji wa mtu: nikaandikiwa 30,000, gari bovu.

Hatimaye akaja kijana na simu yake, akapiga picha, akazunguka gari mara moja, akasema "hiki ni cha kubadilisha". Asante sana mtaalamu!

Fundi wa Ilala akanipa bei ya 1,450,000, kioo kinachopokea kamera pamoja na kuzipima upya, maana ukifunga kioo cha hovyo kwenye Forester ya aina hii taa za dashibodi zinawaka zote na huo mfumo wa kufunga breki wenyewe unazima. Nikapeleka bei ofisini. Jibu lao, nalifupisha: vioo vina ukomo wake wa 500,000, ukitaka zaidi ulitakiwa kuongezea pesa wakati wa kukata bima. Humo humo unakatwa eksesi, yaani sehemu ya hasara anayobeba mteja mwenyewe, ya 250,000. Na kwa kuwa umedai, punguzo lako la kutodai mwaka ujao halipo.

Kwa hiyo bili ya 1,450,000, wao wanatoa 250,000, halafu mwakani wanairudisha mfukoni mwao kupitia punguzo. Hapo nani amemkatia nani bima?

Kilichonipandisha presha zaidi ni barua yao. Wameandika kwamba ufa "uliongezeka kutokana na mteja kuendelea kutumia chombo". Jamani! Nyie ndio mliniambia nisiguse! Ile gundi ningeilipa kwa pesa yangu ya mfukoni jioni ile ile na wala tusingejuana. Nilipowabana, bosi mmoja akaniuliza kwa nini sikuchukua namba ya lile semi ili nidai kwenye bima yake. Semi liko kasi, kokoto limeshanipasua, mimi nilikimbize mpaka Mlandizi nikasome namba?

Na msianze na "soma mkataba kabla ya kusaini". Ningeusoma wapi? Hawautoi. Nina ndugu yuko Florida, huko sheria inakataza kabisa kumkata eksesi mwenye bima kubwa kioo chake cha mbele kikivunjika. Sisemi tuwe Florida. Nasema angalau ule ukomo wa kioo uandikwe kwenye ile PDF ya ukurasa mmoja, karibu na pale mnapoandika kiasi cha kulipa, maana hapo hamjawahi kukosea.

Jina la kampuni silitaji kwa sasa, nimewapelekea malalamiko kwa maandishi na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakigoma naenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Aliyewahi kufika pale kwa kesi ya kioo au ya mkadiriaji kuchelewa, njoo useme walikutaka na nini. Nina rekodi ya ile simu ya "usikiguse kioo". Itakubalika, au niwatake wao watoe ya kwao?

Na nyie mawakala mnaojiandaa kuja PM kuniuzia bima nyingine, tangulizeni mkataba.